"Hana malaria" si sawa na "hana kitu": tuusome utafiti wa Kivunge tukiwa Vitongoji

Mtoto ana miezi kumi na minne. Jioni analialia, usiku mwili unachemka, asubuhi mama anambeba mpaka kituo cha afya. Anachomwa kidole, wanasubiri robo saa, kipimo kinatoa mstari mmoja. "Hana malaria, mama." Anapewa panadoli na antibiotiki, wanarudi nyumbani. Bibi mlangoni anauliza, "Haya, wamesemaje?" Na mama anajibu, "Wamesema hana kitu."

Kisa hiki hakina mwenyewe. Unaweza kukisikia Vitongoji, Wawi, Kengeja, Konde, hata ng'ambo Unguja. Tazama neno lilivyobadilika njiani. Kituoni limesemwa "hana malaria". Nyumbani limefika "hana kitu". Mtoto bado anachemka, mfukoni mna dawa za siku tano, na hakuna mtu ndani ya nyumba anayejua atazame nini leo usiku.

Makala hii ni uhakiki wa utafiti mmoja unaoligusa jambo hilo moja kwa moja. Ulichapishwa mwaka 2016 katika jarida la PLoS ONE, na mwandishi wake wa kwanza ni Kristina Elfving. Unahusu homa kwa watoto wa Zanzibar wenye umri wa miezi 2 hadi 59, waliofika kituoni wakiwa na homa isiyo na dalili za hatari. Kwa maoni yetu ni miongoni mwa tafiti bora kuhusu homa ya watoto katika ukanda huu. Lakini una mapengo, na mtu wa Pemba akiusoma kwa pupa anaweza kutoka na somo lisilo lake. Hebu tuusome taratibu.

Homa ilipokuwa na jina moja

Kwanza tuelewe kwa nini swali lenyewe ni jipya. Kiswahili chetu kinalitumia neno "homa" kwa mambo mengi mno. Homa ni joto la mwili. Homa ni ugonjwa wowote wa kulala kitandani. Homa ni malaria, hasa ukisema tu "nina homa" bila kuongeza neno. Halafu kuna homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya manjano, homa ya dengi. Mzee akisema "mtoto kashikwa na homa" huwezi kujua anataja dalili au anataja ugonjwa.

Miaka ya nyuma kuchanganya huku hakukuleta hasara kubwa, kwa sababu malaria ilikuwa kweli imejaa. Ukimtibu malaria kila mtoto mwenye joto, wengi ulikuwa unawapata. Ujumbe wa afya ulifuata hesabu hiyo: homa, kimbilia dawa ya malaria.

Kisha mambo yakabadilika kwa kasi. Zanzibar iliacha klorokwini na kuanza kutumia dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2003. Vikafuata vyandarua vyenye dawa, na upuliziaji wa dawa majumbani kuanzia 2006, pamoja na vipimo vya haraka vya kuchoma kidole. Katika miaka michache tu maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa katika jamii. Malaria haijaisha kabisa: wasafiri wanaileta kutoka bara, na kuna miaka inapanda tena. Kwa hiyo kupima bado ni lazima. Lakini kwa mtoto wa kawaida mwenye joto, jibu la kipimo siku hizi mara nyingi sana ni "hana".

Kipimo kile kimetengenezwa kujibu swali moja tu, na kinalijibu vizuri. Maswali mengine yote yanabaki pale pale, na mtoto bado ana joto. Hapo ndipo watafiti wa Kivunge walipoingia.

Walichofanya

Kivunge iko Wilaya ya Kaskazini A, Unguja. Mwaka 2011 watafiti waliwafuatilia watoto 677 waliofika pale na homa, wakitibiwa kwa mwongozo wa IMCI. Huu ni mwongozo wa WHO na UNICEF unaotumika katika vituo vya ngazi ya chini, unaomwezesha mhudumu asiye na maabara kubwa kumchambua mtoto kwa maswali, macho na kuhesabu pumzi.

Juu ya huduma hiyo ya kawaida, waliongeza vipimo vingi: vipimo vya papo hapo, kuotesha mkojo, eksirei ya kifua kwa waliohesabiwa kuwa na nimonia, na kipimo cha PCR kinachotafuta vinasaba vya vijidudu katika ute wa ndani ya pua na koo. Waliokuwa wanaharisha walichukuliwa pia sampuli ya njia ya haja kubwa. Halafu wakawafuatilia watoto kwa siku 14.

Kati ya watoto 677, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa wawili. Wawili tu. Karibu robo (asilimia 24.5) homa yao ilihusishwa na virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa. Asilimia 22.3 walikuwa na mafua ya influenza, na asilimia 10.5 virusi vya rino, ndugu wa mafua ya kawaida. Upande wa bakteria idadi zilikuwa ndogo: asilimia 6.4 streptokoki wa kundi A, wanaoleta maumivu ya koo, asilimia 6.2 nimonia iliyothibitishwa na eksirei, na asilimia 4.3 Shigela, anayeleta kuhara damu.

Kwa lugha ya nyumbani: watoto wengi walikuwa na maambukizi ya virusi ya njia ya hewa. Mafua makali, kikohozi, joto. Vitu ambavyo mwili wa mtoto, akinywa na akitazamwa vizuri, kwa kawaida unavimaliza wenyewe. Picha hii haiko peke yake. Utafiti mwingine uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5 tu, na wengi wao pia walikuwa na maradhi ya virusi.

Asilimia 98 na asilimia 95

Sasa tufike kwenye sehemu tunayoipenda zaidi, na ambayo kila mwanafunzi wa sayansi angefaa kuibandika ukutani.

Ukichukua ute wa pua wa mtoto mwenye homa ukaupima kwa PCR, utapata kijidudu? Kivunge walipata angalau kimoja kwa asilimia 98 ya wagonjwa. Mtu angesherehekea: tumepata sababu ya homa! Lakini watafiti hawa walifanya jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu ya gharama. Waliwapima pia watoto 167 wazima kabisa, wanaocheza mtaani. Hao nao asilimia 95 walikuwa na angalau kijidudu kimoja puani.

Yaani kumkuta kijidudu puani karibu hakukuambii kitu. Pua ya mtoto mdogo ni kama bandari: vyombo vinaingia na kutoka siku zote. Ukikuta jahazi limetia nanga siku duka lilipoibiwa, huwezi kusema mabaharia ndio wezi. Inabidi uangalie siku za kawaida huwa yapo majahazi mangapi, na ya aina gani. RSV na influenza zilitajwa kuwa sababu kwa kuwa ushahidi wote ulipowekwa pamoja, pamoja na ulinganisho huo, ulielekea huko.

Kwa sababu hii, kila ukisikia tangazo la kipimo kipya "kinachotambua vijidudu ishirini kwa mara moja", uliza: waliwapima na wazima? Kama hawakuwapima, idadi ile ya ishirini ni ya kumpendeza mnunuzi.

Kuhesabu pumzi

Matokeo ya pili yanahusu mwongozo wenyewe. Kwa IMCI, mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Akifika hapo anaandikwa nimonia na anapewa antibiotiki.

Kivunge, asilimia 57 ya watoto waliandikwa nimonia kwa njia hiyo. Kati ya waliopigwa eksirei, asilimia 12 tu ndio walioonekana nayo.

Ni rahisi kusoma hapo ukasema mwongozo ni mbovu. Tusiwahi hivyo. Joto lenyewe humfanya mtoto apumue haraka, na mtoto anayelia vilevile. Kwa hiyo kipimo cha pumzi lazima kimkamate na asiyehusika. Waliouandika mwongozo miaka ya 1990 walilijua hilo. Walikuwa wanatengeneza wavu wa matundu madogo, kwa mahali pasipo na eksirei na ambapo nimonia inaua. Wavu wa matundu madogo unachukua na dagaa usiowataka, lakini hauachi papa akapita. Na eksirei nayo si hakimu wa mwisho: nimonia changa inaweza isionekane kwenye picha.

Swali sahihi ni hili: miaka imepita, watoto wengi wanachanjwa dhidi ya bakteria wakubwa wa nimonia, malaria imeshuka. Je, matundu yaleyale bado yanafaa? Utafiti unajibu kwamba usahihi wa mwongozo katika kutambua nani anahitaji antibiotiki ulikuwa mdogo. Hapo tunakubaliana nao.

Hapa tunatofautiana kidogo

Takwimu inayonukuliwa zaidi kutoka utafiti huu ni hii: asilimia 74 ya watoto waliandikiwa antibiotiki, wakati ni asilimia 22 tu waliokuwa na maambukizi yaliyohitaji. Ukiiweka kwenye bango inapiga kelele. Inasikika kana kwamba wahudumu wanagawa dawa kama peremende.

Angalia hiyo 22 imetoka wapi. Imepatikana baadaye, baada ya majibu yote ya maabara kurudi na mtoto kufuatiliwa. Mhudumu wa Kivunge siku ile hakuwa na PCR wala siku 14 za kungoja. Alikuwa na foleni, saa ya kuhesabia pumzi, na mama mwenye wasiwasi. Kumlinganisha na jopo lenye majibu yote mkononi ni kama kumlaumu nahodha aliyesafiri usiku kwa ramani iliyochorwa mchana. Watafiti hawakumlaumu mtu, ni kweli. Lakini namba ikitolewa kwenye makala ikaanza kutembea peke yake, inalaumu.

Tena kuna jambo ambalo utafiti wa namna hii hauwezi kulipima: antibiotiki ile inafanya kazi gani katika mazungumzo? Tunadhani inafanya kazi ya jibu. Mama ameuliza "mwanangu ana nini?" Kipimo kimesema si malaria. Mhudumu hana jina lingine la kumpa, na kumwambia mtu aliyetembea na mtoto mgongoni "ni virusi, nenda kamtazame" kunaonekana kama kumfukuza. Chupa ya dawa inaziba ukimya huo. Ukiiondoa bila kuweka kitu mahali pake, ukimya unabaki, na mama ataivuka barabara kuinunua duka la dawa.

Hasara ya dawa isiyohitajika ni halisi. Bakteria wanaosalia ni wale waliozoea dawa, na siku mtoto atakapoihitaji kweli huenda isimsaidie. Lakini tiba ya tatizo hili si kuwakaripia wahudumu. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, ambapo wahudumu walipewa programu ya kwenye tableti inayowaongoza hatua kwa hatua, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, na kipimo cha protini ya CRP, inayopanda mwilini kunapokuwa na uvimbe mkali. Antibiotiki zilishuka hadi chini ya robo ya watoto, huku vituo vya kawaida vikiendelea kuziandika kwa karibu asilimia 70, na watoto hawakupona vibaya zaidi. Inafurahisha kwamba CRP ndiyo ile ile iliyojitokeza Kivunge kuwa kipimo pekee kilichohusiana kwa uhakika na nimonia ya eksirei. Ukimpa mhudumu kitu cha kushika badala ya chupa, anaiacha chupa.

Kivunge si Vitongoji

Hili ndilo pengo linalotuhusu zaidi Pemba. Katika orodha ya vipimo wanayoitaja watafiti kuna mkojo, pua, eksirei na PCR ya damu kwa baadhi ya watoto. Kuotesha damu, yaani kuiweka damu katika chakula cha bakteria na kusubiri kama wataota, hakumo. Na kuotesha damu ndiyo njia ya kawaida ya kuikamata homa ya matumbo, taifodi.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu Pemba tuna ushahidi wetu. Kati ya 2009 na 2010 wagonjwa zaidi ya 2,000 wenye homa waliofika hospitali za Pemba walioteshwa damu, na utafiti huo ulichapishwa 2012. Bakteria aliyeongoza kwa waliokutwa na maambukizi ya damu alikuwa Salmonela Taifi, mwenye kuleta taifodi. Waliokutwa na bakteria damuni walikuwa sehemu ndogo ya wote, na wale walikuwa wagonjwa wa hospitali, si watoto wa foleni ya asubuhi kituoni. Kwa hiyo tafiti hizi mbili hazipingani. Lakini ukichukua "homa nyingi ni virusi" ya Kivunge ukaihamishia Pemba bila kuongeza "ila taifodi ipo", umeacha kitu muhimu.

Taifodi haianzi kwa kishindo. Joto linapanda siku baada ya siku, mtoto anapoteza hamu ya kula, tumbo linauma, anaweza kuharisha au kufunga choo. Siku ya kwanza na ya pili huwezi kuitofautisha na mafua. Kinachoitofautisha ni muda. Na hapo kipimo cha Widal, kinachopendwa sana, hakisaidii kama watu wanavyodhani: kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au za bakteria jamaa. Jibu moja la "positivu" siku ya kwanza ya homa si uthibitisho.

Wakaazi wa Vitongoji wana hospitali hapo hapo, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, iko Wawi, jirani tu. Utafiti wa mfano wa Kivunge, wenye watoto wazima wa kulinganisha na wenye kuotesha damu, unaweza kufanywa Pemba. Sisi tungependa kuusoma.

Takwimu iliyokaa kimya

Tumeisoma makala ile mara kadhaa, na kila mara tunashangaa kwamba namba yenye faida kubwa zaidi kwa mzazi imewekwa kama mstari wa kupita. Ni hii: siku ya 3, watoto waliobaki na homa walikuwa 68, sawa na asilimia 11.

Igeuze. Kati ya kila watoto kumi waliofika na homa isiyo na dalili za hatari, karibu tisa walikuwa wameshapoa siku ya tatu. Hii ni saa ya ukutani kwa ajili ya mzazi. Joto la siku ya kwanza na ya pili, mtoto akiwa ananyonya au anakunywa, anakutazama, anacheza joto likishuka, ni jambo la kawaida. Joto la siku ya tatu linalokataa kutoka linamweka mtoto katika kundi dogo linalostahili kuangaliwa upya, hata kama siku ya kwanza kipimo kilisema "hana". Kwa Pemba, ndipo mhudumu aanze kuifikiria taifodi, mkojo wenye maambukizi, na kurudia kipimo cha malaria.

Na kuna mstari mwingine mfupi: watoto wawili walifariki. Wote waliingizwa katika utafiti wakiwa na homa "isiyo na matatizo". Kwa takwimu ni wachache, chini ya mmoja kwa kila 300. Lakini wanatuambia kwamba uainishaji wa asubuhi ni picha ya asubuhi. Mtoto anabadilika. Anayeweza kuona mabadiliko saa nane usiku si maabara wala daktari. Ni aliyelala naye.

Ndiyo maana lawama yetu kubwa kwa utafiti huu, na kwa ujumbe wa afya uliouzunguka, ni kwamba unaishia mlangoni mwa kituo. Umehesabu vijidudu na dawa. Haukuhesabu ni wazazi wangapi walitoka wakijua warudi lini na kwa dalili gani.

Basi nyumbani tufanye nini?

Hatumbadilishi daktari wako. Haya ni mambo yaliyokubalika katika miongozo ya kimataifa, na yanajibu swali ambalo kipimo hakilijibu.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto hatazamwi nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Kwa mtoto mkubwa zaidi, joto la nyuzi 37.5 au zaidi kwapani ni homa. Apimwe malaria siku ya kwanza, hasa kama kuna aliyesafiri. Baada ya hapo, usiikimbize namba ya kipimajoto, mtazame mtoto. Joto kubwa lenyewe halisemi kwamba ugonjwa ni mkali. Mtoto wa 39 anayecheza anaweza kuwa salama kuliko wa 38 aliyelegea.

Rudi haraka, hata usiku, ukiona moja kati ya haya: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au haamki vizuri, anapumua kwa haraka au kifua kinabonyea chini ya mbavu, shingo imekakamaa, anaharisha damu. Na rudi siku ya tatu kama homa bado ipo, hata pasipo dalili hizo.

Panadoli inampa mtoto raha, na ni kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 na dawa ya maji ya miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni takriban kijiko kimoja cha kupimia cha mililita 5. Kijiko cha chai cha jikoni hakina kipimo kimoja, usikitumie. Asipirini mtoto hapewi. Na panadoli haiponyi ugonjwa, kwa hiyo joto likirudi baada ya saa sita haimaanishi dawa imeshindwa.

Maji ya baridi tunashauri yaachwe. Yanamfanya atetemeke, na kutetemeka kunatengeneza joto jipya ndani. Kumfunika mablanketi ili "atoe jasho" nako kunazuia joto kutoka. Nguo nyepesi moja inatosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe maji, uji mwepesi, dafu.

Degedege ndilo linaloogopesha kuliko yote, na lina historia ndefu ya kuhusishwa na mashetani na ndege wa usiku. Kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, joto lenyewe linaweza kulileta, na mara nyingi linakatika lenyewe ndani ya dakika tano. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Panadoli haijathibitika kulizuia. Kisha hospitali moja kwa moja, kwa sababu huwezi kujua ukiwa nyumbani kama ni joto tu, ni malaria kali au ni uti wa mgongo. Wanaotaka kumsomea mtoto dua wamsomee wakiwa njiani.

Sentensi moja

Tukirudi kwenye uhakiki wetu: utafiti wa Kivunge ulivunja ndoa ya zamani kati ya homa na malaria, na uliivunja kwa ushahidi safi. Uliwapima watoto wazima, na hilo peke yake linatosha kuuheshimu. Ulichoacha ni kuotesha damu, na kuifuata homa mpaka ndani ya nyumba.

Pengo la kwanza linahitaji fedha na maabara. La pili linahitaji sentensi moja kutoka kwa mhudumu, na inachukua muda mfupi kuliko kuandika antibiotiki: "Mama, hana malaria, lakini ni mgonjwa, inaonekana ni virusi, watoto wengi hupoa kabla ya siku ya tatu, akishindwa kunywa, akilegea, akipumua haraka au akifika siku ya tatu bado anachemka, mrudishe kwangu, sitokuuliza kwa nini umekuja tena." Mama akiipata hiyo, bibi akiuliza mlangoni wamesemaje, atakuwa na jibu la kumpa, na usiku watakuwa wawili wanaojua la kutazama.